Usingizi wa Pono

Babu alipolala, mtaa ulijua. Sitii chumvi. Tulikaa Bombolulu kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, jikoni na choo uani, kila chumba na mpangaji wake, na kuta zisizofika juu. Kwa hivyo saa nne za usiku Babu akianza kukoroma, alikuwa anatukoromea sote. Mpangaji wa chumba cha tatu, fundi cherehani wa zile karakana za watu wenye ulemavu zilizoanzishwa hapo Bombolulu mwaka 1969, alikuwa na mzaha wake: "Mzee ashawasha jenereta."

Shida ya jenereta hiyo ni kuwa ilikuwa ikizimika. Katikati ya kukoroma, kimya. Kimya kabisa, hata pumzi husikii. Sisi watoto tulikuwa tukihesabu gizani. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Halafu Babu anashtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, anavuta pumzi tatu nne kwa pupa, na jenereta inawaka tena. Tulicheka mpaka Bibi akatugombeza.

"Mwacheni babu yenu," alikuwa akisema. "Ana usingizi wa pono."

Kwa ambaye hakukulia pwani: pono ni samaki wa mwambani, ana rangi nyingi na mdomo kama wa kasuku, na wavuvi husema usiku hulala fofofo hata ukamshika kwa mkono. Basi mtu mwenye usingizi mzito ni pono. Msemo huo ulituridhisha sote. Anayekoroma amelala vizuri, ndivyo tulivyoamini.

Lakini mchana Babu alikuwa akisinzia kila mahali. Barazani, kwenye matatu, akingoja chai ipoe. Siku moja alilala katikati ya mchezo wa bao, mkono umejaa kete, anazisambaza shimo kwa shimo, akafika shimo la nne akasimama. Wazee wenzake walidhani anapiga hesabu. Wakangoja. Kumbe mzee kitambo ashaondoka. Hadithi hiyo ilichekesha watu Bombolulu kwa miaka.

Alifariki mwaka 2003, kabla ya adhana ya alfajiri. Nilikuwa darasa la tatu. Watu waliokuja matangani walisema kifo chake kilikuwa chepesi, amelala tu, hakuamka. Akazikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya adhuhuri. Hakuna daktari aliyemtazama, kwa hivyo sitawaambia hapa kilichomuua. Ninachoweza kuwaeleza ni kile ambacho wakati huo kilikuwa kimeshajulikana, tena kwa miaka ishirini, na ambacho hakikuwa kimefika kwetu.

Tuanzie na mcheza karata wa Boston. Mwaka 1956 daktari Sidney Burwell na wenzake walichapisha habari za mfanyabiashara wa miaka 51, mfupi, mwenye uzani wa karibu kilo 120, ambaye alikuwa akisinzia ovyo ovyo. Kilichomsukuma kwenda hospitali hakikuwa afya. Ilikuwa pesa. Alikuwa akicheza poka, akapewa karata ambazo mchezaji huziota, ree tatu na wafalme wawili, na kabla hajazitumia usingizi ukamchukua. Siku chache baadaye akajipeleka hospitali. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliweka simu chini. Nilimwona Babu na kete zake.

Burwell akauita ugonjwa huo kwa jina lililotokana na riwaya ya Dickens, ile ya Pickwick iliyotoka kati ya 1836 na 1837, ambamo kuna kijana mnene anayelala hata akiwa amesimama. Jina tamu, lakini lilipotosha watu. Liliwafanya madaktari watazame kitambi. Burwell alidhani tatizo ni unene unaobana mapafu mpaka hewa chafu inajaa kwenye damu, na hiyo ndiyo inayomlewesha mgonjwa mchana. Hakukosea kila kitu. Ila hakutambua kuwa pumzi inayokatika usingizini ndiyo inayoiba usingizi wenyewe. Watoto wa Bombolulu wangemwambia.

Miaka tisa ikapita. Mwaka 1965 makundi mawili, moja la Henri Gastaut huko Marseille, jingine la Richard Jung na Wolfgang Kuhlo huko Freiburg, kila moja peke yake, yaliwafunga wagonjwa wa aina hii nyaya na kuwarekodi wakiwa wamelala. Ndipo ikaonekana waziwazi: pumzi zao zilikuwa zikikatika tena na tena usiku kucha, na kila zikikatika ubongo unaamka kidogo ili mtu asife. Mgonjwa mwenyewe hana habari. Asubuhi anaamka amechoka kana kwamba alibeba magunia bandarini. Hali hiyo ndiyo leo inaitwa apnia ya usingizi, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa pumzi.

Kinachotokea kooni ni kitu rahisi. Tukilala misuli hulegea, na ya koo pia. Kwa wengine njia ya hewa ni nyembamba, ama kwa sababu ya mafuta ya shingo, ama umbo la taya, ama mafindofindo makubwa, na ikilegea inajifunga kama mrija laini wa maji ukiunyonya kwa nguvu. Kukoroma ni sauti ya njia inayobanwa. Kimya ni njia iliyofungika. Kwa hivyo kile kimya tulichokuwa tukikihesabu ndicho kilichokuwa na hatari kuliko kelele.

Dawa ya wakati ule ilikuwa moja: kutoboa tundu shingoni, chini ya mahali panapoziba, mtu apumulie hapo usiku. Kuhlo na wenzake waliandika juu yake mwaka 1969. Ukatili, ndiyo, lakini ilifanya kazi, na ndiyo iliyofungua mlango wa moyo.

Hapo anaingia Christian Guilleminault, Mfaransa aliyehamia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1972. Yeye na daktari wa moyo Ara Tilkian walifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida: waliipima mioyo ya wagonjwa hawa wakiwa usingizini. Daktari wa moyo hufanya kazi mchana. Anakupima umekaa kitako, uko macho, umevaa shati. Mioyo ya watu hawa mchana haikuonyesha kitu. Usiku ilikuwa vurugu. Pumzi ikikatika mapigo yanapungua, wakati mwingine moyo unasimama sekunde kadhaa, halafu pumzi ikirudi unatimka mbio. Makala yao ya mwaka 1977 ilihusu wagonjwa 15 tu. Mwaka 1983 Guilleminault na wenzake wakaja na wagonjwa 400, na asilimia 48 kati yao walikuwa na hitilafu ya mdundo usiku. Wagonjwa 50 wenye hali mbaya zaidi walitobolewa shingo, na hitilafu kubwa zikaondoka.

Mwaka huo wa 1983 Babu alikuwa mtu mzima mwenye nguvu zake, anavuka daraja jipya la Nyali kila asubuhi kwenda kazini mjini.

Ingekuwa vigumu kuyaona haya bila kifaa kimoja ambacho historia yake naipenda. Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang kwenye kisiwa cha Java, ndiye aliyetengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 mashine ya kuandika umeme wa moyo, na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine yake ilikuwa na uzani wa karibu kilo 270, hutoki nayo popote. Halafu Norman Holter, mwanafizikia wa mji mdogo wa Helena, Montana, akataka kuufuata moyo wa mtu akiwa kwenye shughuli zake. Kifaa chake cha kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1940, kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzani wa kilo 38 hivi. Ni kama kubeba mfuko wa saruji unaokaribia kujaa, halafu uambiwe utembee kawaida. Leo kifaa hicho, ambacho bado kinaitwa Holter, kinaingia mfukoni, na unalala nacho.

Sasa, moyo unahusikaje na koo? Jaribu jambo hili, mara moja tu. Toa pumzi, ziba pua na mdomo, halafu jaribu kuvuta hewa kwa nguvu. Unausikia mvuto kifuani? Mvuto huo hauishii kwenye mapafu. Unavuta kuta za moyo pia, na kuta za vyumba vya juu ni nyembamba. Mtu mwenye apnia kali hufanya hivyo mara 30 au zaidi kwa saa, usiku kucha, miaka kumi, ishirini. Kuta zinatanuka na kupata makovu. Wakati huo huo oksijeni inashuka, mshipa wa fahamu unaopunguza mwendo wa moyo unakanyaga breki, halafu mtu akishtuka mwili unamwaga adrenalini na kukanyaga mafuta. Presha inaruka. Breki, mafuta, breki, mafuta. Dereva yeyote wa matatu ya Bombolulu atakuambia gari linaloendeshwa hivyo huishia wapi.

Hitilafu inayotajwa zaidi ni ile ya vyumba vya juu kupapatika badala ya kupiga. Damu inatulia pembeni, inaganda, bonge likichomoka na kufika kwenye ubongo ni kiharusi. Madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika mwaka 2003 kuhusu watu waliorudishwa kwenye mdundo sawa kwa kupigwa shoti ya umeme. Baada ya miezi 12, asilimia 82 ya wenye apnia isiyotibiwa walikuwa wamerudia kupapatika, dhidi ya asilimia 42 ya waliotibiwa. Walikuwa wachache, 27 na 12, lakini tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

Mwaka 2005 wakatoka na makala ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Walichukua watu 112 waliokuwa wamepimwa usingizi wao na baadaye wakafa ghafla kwa moyo, wakauliza saa ya kifo. Kwa kawaida moyo huua zaidi asubuhi, watu wakishaamka. Kwa wenye apnia, asilimia 46 walikufa kati ya saa sita za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi. Kwa wasio nayo, asilimia 21.

Kabla ya adhana ya alfajiri. Amelala tu, hakuamka.

Hapa sharti niwe mkweli, manake nimeona kwenye mitandao watu wakiuza mashine kwa vitisho. Kwamba apnia na moyo kwenda mrama hutembea pamoja, hilo halina ubishi. Kwamba ukitibu apnia utaepusha kila balaa ya moyo, hilo bado. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2016, wa watu 2,717 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, haukuona mashine ya kupumulia ikipunguza mashambulio ya moyo wala kiharusi. Ila wagonjwa waliivaa wastani wa saa 3.3 kwa usiku. Nusu ya usiku bila kinga, utadai nini? Lakini hata Norwei, mwaka 2021, jaribio la miezi mitano kwa watu ambao mioyo yao hupapatika mara kwa mara halikuona kupapatika kukipungua. Walichokipata waliotibiwa mara nyingi ni kile ambacho Babu alikikosa: mchana ukiwa macho.

Na kuna swali la kwetu. Je, haya ni magonjwa ya Boston na Minnesota tu? Afrika, moyo kupapatika umekuwa na sura nyingine. Utafiti uliojumuisha Kenya na Uganda kati ya 2010 na 2012, juu ya ugonjwa wa vali za moyo unaotokana na koo la utotoni lisilotibiwa, ulipata wagonjwa ambao umri wao wa kati ni miaka 28, na zaidi ya mmoja kati ya watano moyo wake ulikuwa ukipapatika. Miaka 28, yaani rika letu. Huko wilaya ya Hai, Tanzania, walipopimwa wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea, waliokutwa na hali hiyo hawakufika mmoja katika mia. Basi hadithi yetu siyo nakala ya yao. Lakini mji unatubadilisha: tunakaa zaidi, shingo zinanenepa, presha inapanda. Na presha ndiyo rafiki mkubwa wa magonjwa yote mawili.

Tena usidhani lazima uwe mnene. Wisconsin, mwaka 1993, walipopima watu wa kawaida wa miaka 30 hadi 60, wafanyakazi tu waliokuwa kwenye shughuli zao, asilimia 24 ya wanaume na 9 ya wanawake pumzi zao zilikatika angalau mara tano kwa saa. Wengi hawakuwa na habari.

Sisi pwani tulikuwa na maelezo yetu ya mambo ya usiku. Jinamizi, kwa mfano, lile linalokukalia kifuani ukiwa macho nusu, hutaki kusogea wala kupiga kelele huwezi. Pemba na Unguja, mwaka 1995, hofu ya Popobawa iliwatoa watu majumbani wakalala nje kwa makundi. Lakini jinamizi humtisha anayelala. Apnia humtisha anayelala kando yake. Nadhani ndiyo maana hatukuipa jina: haikuwa na shahidi mwenye kulalamika, ila wake, na wake waliambiwa wavumilie.

Kimeo nacho kina historia yake. Pwani na bara kuna waliokata vimeo vya watoto kwa wembe kwa ajili ya kikohozi, na wengine walivuja damu au kupata maambukizi, jambo ambalo madaktari wanalipiga vita mpaka leo. Halafu Shiro Fujita, huko Detroit, mwaka 1981 alitangaza upasuaji wa kutoa kimeo na nyama laini za koo ili kutibu apnia. Vitu viwili tofauti kabisa, mtu asije akaenda kwa mkata kimeo akisema nilimtuma. Hata huo wa Detroit haukuwafaa wengi kama ilivyotarajiwa. Kilichofaa zaidi kilitoka Sydney. Juni 1980, daktari Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa, mfanyakazi wa ujenzi, aliyeambiwa atobolewe shingo na hakutaka. Sullivan akachukua mota ya kupulizia hewa, kama ile ya mashine ya kunyonya vumbi ikigeuzwa ipulize, akaunganisha mpira na barakoa ya puani, hewa ikaushikilia mlango wa koo wazi. Mtu akalala usiku kucha. Mwaka uliofuata akachapisha habari za wagonjwa watano. Mwaka huo wa 1980 ndio daraja jipya la Nyali lilipoanza kutumika na lile la kuelea la mwaka 1931 likaachwa.

Na kuna hili la kufurahisha: mwaka 2006 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha jaribio la Uswisi la watu 25, ambapo waliojifunza kupuliza didgeridoo, lile baragumu refu la wenyeji wa Australia, kwa miezi minne walipunguza apnia yao. Misuli ya koo ilikazika. Nikafikiria wapiga zumari wetu, wale wanaopuliza arusini bila kukata pumzi. Utafiti huo nautaka.

Sasa nifike nilipokuwa nakwenda. Baba yangu anaendesha lori la makontena kutoka Kilindini mpaka Malaba. Anakoroma vile vile, na kimya ni kile kile. Mwaka jana, kwenye foleni ya mizani Mariakani, alilala mpaka wa nyuma wakampigia honi. Alitusimulia akicheka, sawa na tulivyocheka habari ya bao. Presha anayo miaka sita sasa. Kliniki anayokwenda wanampa vidonge, na katika miaka hiyo sita hakuna aliyemuuliza analalaje.

Nikamrekodi kwa simu. Asubuhi, kwenye chai, nikamwekea.

"Baba, hebu sikiza."

"Nini hii? Pikipiki?"

"Ni wewe, Baba."

"Wacha mchezo."

Mama hakusema kitu, aliendelea kumimina chai. Kile kimya kikafika. Nikamwambia ahesabu. Alianza kwa dharau, anagonga meza kwa kidole, akafika kumi, akapunguza mwendo, akafika ishirini na tano kabla mkoromo haujalipuka kwenye simu. Akaomba niicheze tena.

"Na Mzee alikuwa hivi hivi," akasema.

Hatukusema zaidi siku hiyo. Bei ya mashine tulipoulizia, akasema kwa hizo pesa ananunua boda boda ya mkono wa pili, na kweli. Tena stima zikipotea usiku itakuwaje? Lori nalo lina kitanda nyuma ya kiti, huko mashine ataichomeka wapi? Ni maswali ya haki, na yana majibu nusu nusu: kuna mashine za betri, ghali zaidi. Mama ameshona mfuko mgongoni mwa fulana yake ya kulalia, ndani kaweka mpira wa tenisi, ili asilale chali. Bibi, ambaye yuko hai na ana maoni, anasema miaka yote alikuwa akimwambia Babu alalie ubavu wa kulia na hakusikizwa.

Jumanne Baba anakwenda kufungwa Holter kwa saa 24, halafu apimwe usingizi. Nilimweleza kuwa ya kwanza ilikuwa kilo 38, mtu anaibeba mgongoni. Akacheka sana. Halafu akauliza kama anaweza kuendesha nayo, maana Jumatano ana safari.